Mto Sosiani na Mji wa Eldoret

Mto Sosiani huanzia katika msitu wa Kaptagat, ukateremka kuelekea magharibi hata ukapita katikati ya Eldoret. Watu wengi huudhania mji huo kuwa ni kazi ya reli na viwanda peke yake. Lakini tukiichunguza historia yake twaona kwamba mji husimama juu ya mambo matatu: mali ya ardhi, ufundi wa kuigeuza mali hiyo, na mpango mwema wa makazi. Likikosekana moja, mengine hulegea.

Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa malisho ya ng'ombe. Mwaka 1908 walifika Makaburu kutoka Afrika ya Kusini na magari yao yaliyokokotwa na maksai, na Serikali ya kikoloni ikawagawia mashamba. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba namba 64. Mahali pale pakaitwa kwa namba hiyo ya Kiingereza, na wenyeji wakaitamka Sisibo. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912.

Reli iliyopitia Timboroa ilifika mwaka 1924. Tangu hapo ngano na mahindi yaliweza kusafirishwa hata pwani. Miwati nayo ilipandwa kwa wingi, na magome yake yakapelekwa kiwandani Eldoret ili kutolewa dawa ya kulainishia ngozi. Hata hivyo faida haikuwafikia wote. Ardhi nzuri ilikuwa ya walowezi, na makazi ya mjini yalitengwa kwa rangi za watu. Mpango ulikuwapo, lakini haukuwa na haki.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, Serikali ilitaka viwanda visirundikane Nairobi na Mombasa tu. Katika miaka ya 1970 kilijengwa Rivatex, kiwanda cha nguo. Pamba hulimwa katika nchi za joto, kama bonde la Kerio lililo chini ya magenge, mashariki ya Kaptagat. Basi mkulima na mfumaji wakategemeana. Lakini katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, na mitumba ikaingia kwa wingi na kuuzwa rahisi. Kiwanda kilielemewa, hata kikafungwa mwaka 2000. Wafanyakazi wakapoteza riziki yao, na wakulima wakampoteza mnunuzi.

Mwokozi wake alitoka katika elimu. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kujengwa katika ardhi iliyokuwa shamba la miwati, kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007. Mashine mpya zililetwa kwa mkopo kutoka India, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Eldoret ina wakazi zaidi ya 475,000. Tarehe 15 Agosti 2024 ukatangazwa kuwa jiji la tano la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Jiji kubwa hutaka maji mengi, na maji hayo hayatengenezwi kiwandani. Msitu wa Kaptagat ukiteketezwa, Sosiani itapungua, na mashine zilizo bora kabisa hazitaweza kuirudisha.

Kwa hiyo, msomaji, ukichagua kuwa fundi wa mitambo, mpangaji wa miji au mtaalamu wa uchumi, usidhani kwamba hizo ni kazi tatu zisizojuana. Historia ya Eldoret yaonyesha kwamba ni kazi moja yenye mikono mitatu.