Doudou, king'amuzi na mkataba: Kumbukumbu ya ubia wa Mikocheni

Mikocheni, jirani na Bamaga, ndiko iliko TBC, televisheni ya taifa. Hapo ndipo ulipoanzia ubia mmoja wa kibiashara uliowagusa Watanzania wengi majumbani mwao: kampuni ya ving'amuzi ya Star Media (Tanzania), ambamo kampuni ya StarTimes ya Beijing iliingia na hisa asilimia 65 na TBC asilimia 35.

Dar es Salaam haikuwa ngeni kwa ushirika wa namna hiyo. Miaka ya 1960, Solel Boneh ya Israeli ilishirikiana na serikali katika kampuni ya ujenzi ya Mecco. Uhusiano wa nchi hizo mbili ulivunjika mwaka 1973, ukarejeshwa 1995. China nayo iliunda na Tanzania kampuni ya meli ya Sinotaship mwaka 1967, kila upande ukiwa na nusu ya hisa.

Ubia wa Mikocheni ulizaliwa wakati nchi ikijiandaa kuhamia dijitali. Mitambo ya analojia jijini ilizimwa Desemba 31, 2012, na mwenye televisheni ya chogo sebuleni akalazimika kutafuta king'amuzi.

Lakini king'amuzi peke yake hakijengi mazoea kati ya watu. Kazi hiyo ilifanywa na tamthilia ya Kichina. Mwaka 2011 TBC ilianza kurusha "Doudou na Mama Wakwe Zake", iliyotafsiriwa na kuingizwa sauti za Kiswahili. Doudou ameolewa na kijana ambaye wazazi wake wameachana, hivyo anakuta mama wakwe wawili, mzazi na wa kambo, na kila mmoja anataka lake. Nani Kinondoni au Temeke asingeielewa kesi hiyo? Watazamaji waliokuwa wakiwajua Wachina kwa kung fu na barabara walianza kuwaona wakigombana jikoni na kupatana mezani. Machi 25, 2013, Rais wa China, Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam, aliitaja tamthilia hiyo. Baadaye StarTimes iliendesha mashindano ya kutafuta sauti nchini, na washindi wakaenda Beijing kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia.

Kupendana ni jambo moja, mahesabu ni jingine. Mei 2017 Rais John Magufuli alifika TBC na kuhoji shirika hilo la umma lilikuwa linapata nini katika ubia huo. Serikali ikataka mkataba na hesabu za kampuni vichunguzwe. Swali lake halikuwa la utamaduni wala lugha. Lilikuwa swali la gawio, ambalo kila mwanahisa ana haki ya kuliuliza.

Hilo ndilo fundisho la Mikocheni. Ubia ni kama ndoa: hata wakwe wakipendana, mahari na mali huandikwa. Tamthilia ilitufanya tuwaelewe wenzetu, nasi tuna haki ya kuelewa pia vitabu vya hesabu. Watumishi wa umma watakaokaa mezani na wawekezaji kesho, wawe wa Beijing au Tel Aviv, wajifunze mila za mgeni na wamkarimu, kisha wasome kila kifungu kabla ya kutia saini. Hisa asilimia 35 za TBC ni mali ya Watanzania.