Walihama au Walihamishwa?

Shuleni hapa Nakuru tulichapwa kwa kuchanganya "move" na "remove". Sasa soma mkataba wa Agosti 1904, ambao Lenana na wazee wenzake wa Kimaasai waliutia alama. Kitenzi chake ni "remove", lakini anayeondoa si serikali, la! Ati ni Wamaasai wenyewe, kwa hiari yao, wanaoondoa watu wao na mifugo mbali na reli na mashamba ya walowezi. Kiswahili kingewabana: mmehama au mmehamishwa? Wa huku kwetu walipelekwa Laikipia, wakaahidiwa kukaa maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawatoa huko pia, kwenda kusini. Walishtaki. Mwaka 1913 mahakama ikasema hiyo ni mikataba ya kimataifa, haina uwezo nayo.