Ifahamu SGO48: Kundi la mabinti wa Vietnam lililoanza kwa mbwembwe na kuzimika miaka mitatu baadaye

SGO48 lilikuwa kundi la muziki la wasichana la jiji la Ho Chi Minh, Vietnam. Lilikuwa tawi la AKB48, kundi maarufu la Tokyo, Japani.

Lilitangazwa Juni 2018. Desemba 2021 likavunjwa. Wapo mashabiki wa muziki wa Asia ambao hawakuwahi hata kulisikia, lakini habari yake inaonyesha vizuri jinsi biashara hii ya makundi ya wasichana inavyofanya kazi, na inapokwamia.

KWA KIFUPI

• Makao: jiji la Ho Chi Minh, Vietnam
• Kutangazwa: Juni 2018
• Wanachama wa kwanza: Desemba 2018
• Wimbo wa kwanza: "Heavy Rotation" kwa Kivietnam, 2019
• Kuvunjwa: Desemba 2021

AKB48 NI AKINA NANI?

Huwezi kuielewa SGO48 bila kumjua mama yake kwanza.

AKB48 ilianzishwa mwaka 2005 na mtunzi na mtayarishaji Yasushi Akimoto. Makao yake ni Akihabara, mtaa wa Tokyo unaojulikana kwa maduka ya vifaa vya elektroniki na vibonzo. Herufi AKB zimetoka kwenye jina la mtaa huo.

Wazo la Akimoto lilikuwa rahisi tu: msanii unayeweza kwenda kukutana naye. Badala ya kumsubiri kwenye TV, unanunua tiketi na kumwona kwenye ukumbi mdogo wa watu 250, ambao una shoo karibu kila siku. Siku ya kwanza, Desemba 8, 2005, watazamaji wa kawaida walikuwa saba tu.

Miaka michache baadaye kundi hilo likawa linauza CD kwa mamilioni. Siri ilikuwa ndani ya CD zenyewe. Nyingine zilikuja na tiketi ya kwenda kumshika mkono msanii kwa sekunde chache. Nyingine zilikuja na kura ya kuchagua nani akae mbele kwenye wimbo unaofuata. Shabiki kindakindaki hakununua moja. Alinunua kumi, ishirini, wengine mamia.

Wasanii wa aina hii huitwa aidoli. Huingia wakiwa wadogo, wengi wa umri wa sekondari au chuo, wakiwa bado hawajaiva kimuziki. Shabiki hulipia kuwaona wakikua. Akiondoka, hawasemi amejitoa, wanasema "amehitimu".

MATAWI YA NJE

Kwa kuwa mfumo ulikuwa unalipa, ulianza kusambazwa. Japani kwenyewe yakaja makundi ya Nagoya, Osaka na Fukuoka. Kisha wakavuka bahari: JKT48 ya Jakarta ilianzishwa 2011 na SNH48 ya Shanghai 2012, ambayo baadaye iligombana na Wajapani na kujitenga mwaka 2016. BNK48 ya Bangkok na MNL48 ya Manila zikafuata.

Kanuni ya majina ni ileile: herufi tatu za mahali, halafu 48.

Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, BNK48 walitikisa Thailand nzima na toleo la Kithai la "Koisuru Fortune Cookie". Watu wazima, wafanyakazi wa ofisini, hata wasiojua lolote kuhusu aidoli, wote walikuwa wakicheza ule mtindo. Mafanikio hayo yalionyesha kuwa jambo hili linaweza kushika Kusini-Mashariki mwa Asia.

Miezi michache baadaye, Vietnam ikatangazwa. Mumbai, India, nayo ikatangaziwa kundi lake, MUM48.

KWA NINI SGO?

SGO ni Saigon, jina la zamani la jiji la Ho Chi Minh. Jiji lilibadilishwa jina rasmi mwaka 1976, baada ya vita kuisha na nchi kuungana, lakini wenyeji wengi bado wanasema Saigon kwenye mazungumzo ya kawaida.

Kibiashara mahali palikuwa pazuri. Sensa ya 2019 ililipa jiji hilo karibu watu milioni 9, nchi ina vijana wengi, na simu janja zipo kila kona.

Kundi lilisimamiwa na YAG Entertainment, kampuni iliyokuwa chini ya Yeah1 Group, kampuni ya habari na burudani ya Vietnam, kwa kushirikiana na AKS, waliokuwa wasimamizi wa AKB48 huko Tokyo. Usaili ulifanyika, na Desemba 2018 mabinti wa kizazi cha kwanza wakatangazwa.

Mwezi mmoja tu baadaye, Januari 27, 2019, wawakilishi wao walikuwa Bangkok kwenye tamasha la makundi ya AKB48 ya Asia, jukwaa moja na dada zao wa Japani, Indonesia, Thailand na Ufilipino. Kwa mabinti waliokuwa watu wa kawaida miezi michache nyuma, hilo halikuwa jambo dogo.

KAZI YA KUTAFSIRI WIMBO

Makundi dada huanza kwa kuimba nyimbo za AKB48 kwa lugha ya kwao. SGO48 walipewa "Heavy Rotation", wimbo ambao AKB48 waliutoa mwaka 2010.

Hapa kuna ugumu ambao wengi hawaujui. Kivietnam ni lugha ya toni. Neno "ma" linaweza kumaanisha mzimu, mama, lakini, kaburi, farasi au mche wa mpunga, kutegemea sauti inapanda, inashuka au inakatika. Toni ni sita kwa jumla.

Sasa chukua melodia ya Kijapani ambayo tayari ina kupanda na kushuka kwake, halafu upachike maneno ya Kivietnam. Ukikosea, neno linasikika kama kitu kingine au linakuwa halieleweki. Mtafsiri hatafuti maana tu, anatafuta neno ambalo toni yake inaendana na noti. Ndo maana wimbo wa kutafsiriwa unaweza kusikika wa ajabu masikioni mwa mwenyeji, hata kama umeimbwa vizuri.

MAMBO YAANZA KUWA MAGUMU

Machi 2019, kundi likiwa bado changa, YouTube ilitangaza kusitisha mkataba wake na mtandao wa chaneli wa Yeah1. Hisa za Yeah1, zilizoingia soko la Ho Chi Minh Juni 2018 kwa bei ya juu sana, ziliporomoka siku kadhaa mfululizo. Kampuni mama ya kundi ikawa na moto wake wa kuzima.

Japani nako mambo yalikuwa yanabadilika. Uchaguzi wa kura za mashabiki, uliokuwa sherehe kubwa ya kila mwaka, ulifanyika mara ya mwisho Juni 2018. Mwaka 2020 AKS iliachia usimamizi wa AKB48 kwa kampuni nyingine.

Na soko lenyewe halikuwa tupu. Vijana wa Vietnam wamelelewa na muziki wa Korea, ambako msanii hutoka akiwa tayari amenolewa kwa miaka. Kumwambia shabiki huyo amsubiri binti ajifunze akiwa jukwaani ni kuomba uvumilivu mwingi. Isitoshe, wengi husikiliza muziki bure mtandaoni, kwa hiyo ile biashara ya kununua CD ishirini ili upate tiketi haihamishiki kirahisi.

KORONA YAMALIZIA

Mwaka 2020 Vietnam iliudhibiti ugonjwa vizuri kuliko nchi nyingi. Lakini 2021 wimbi kubwa lililipiga jiji la Ho Chi Minh kuliko mahali pengine popote nchini. Julai jiji likawekwa chini ya masharti makali, Agosti watu wakaambiwa wasitoke nyumbani kabisa, na masharti yakaanza kulegezwa Oktoba 1.

Kwa kundi ambalo uhai wake ni kuonana na mashabiki ana kwa ana, miezi hiyo ilikuwa kama kukatiwa hewa. Hakuna shoo, hakuna kushikana mikono, hakuna tiketi. Gharama za walimu, studio na usimamizi hazikusubiri.

Desemba 2021 ikatangazwa kwamba SGO48 imefika mwisho.

WALIONUSURIKA

SGO48 haikuwa peke yake. MUM48 nayo haikudumu. TPE48 ya Taiwan ilivunjwa mwaka 2018 na kuundwa upya kama AKB48 Team TP. JKT48, pamoja na ukubwa wake, ilitangaza mwishoni mwa 2020 kupunguza wasanii wengi kwa sababu ya korona.

Lakini JKT48 ilisimama tena. Ilikuwa na ukumbi wake ndani ya jengo la maduka Jakarta tangu 2012, na mashabiki waliokuwa wamezoea kwenda kwa miaka. SGO48 ilipigwa kabla haijapata muda wa kujenga mazoea hayo.

Mfumo wenyewe haujafa. Mwaka 2024 Malaysia ilipata kundi lake, KLP48 ya Kuala Lumpur. Vietnam, mpaka hapo, ilikuwa imebaki na video za mtandaoni na mabinti waliorudi kutafuta njia zao, wengine wakiwa bado na umri mdogo kuliko wasanii wengi wanaoanza.