UZI: "Vijana wajitokeze." Na mlango ukiwa umefungwa?

Kila mdahalo ukifika kwa swali la vijana, jibu ni lile lile: wajitokeze, wagombee, waanzishe biashara. Sawa. Lakini kuna vijana wa hapa hapa Kenya waliojitokeza wakakuta mlango umefungwa. Hebu turudi nyuma kidogo. 👇🏾

1/ Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930, kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani. Wengi wakabaki Kwale, wakapata watoto na wajukuu. Uhuru ukaja 1963, lakini wao wakabaki bila uraia.

2/ Sasa fikiria kijana wa miaka 20 bila kitambulisho. Hawezi kupiga kura, sembuse kugombea. Laini ya simu anasajiliwa na rafiki, kwa hivyo hata pesa zake za M-Pesa ziko kwa jina la mtu mwingine. Akaunti ya benki hana, mkopo wa vijana hapati. Siasa na biashara, zote zinaanzia kwa hicho kikadi.

3/ Sheria ya uraia ya 2011 iliwapa watu wasio na utaifa miaka 5 kujiandikisha. Muda ukaisha Agosti 2016 na Wamakonde bado wanangoja. Oktoba wakaanza safari ya miguu kutoka Kwale hadi Nairobi. Serikali ikaagiza wapewe vitambulisho, na 2017 wakatambuliwa kama kabila la 43.

4/ Kumbe kitambulisho ni hatua ya kwanza tu. Waulize Ilchamus wa Ziwa Baringo. Hao walikuwa raia na kura walipiga, ila ni wachache. Kwa miaka 40 hakuna mtu wao aliyewahi kuchaguliwa mbunge. Wakaenda Mahakama Kuu, na 2006 ikaamua kwamba ni jamii ya wachache yenye haki ya kuwakilishwa.

5/ Katiba ya 2010 ikaliweka wazi jambo hilo. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali ihakikishe jamii za wachache zinashiriki katika uongozi, na zinapata nafasi maalum kwenye elimu, uchumi na kazi. Kifungu cha 100 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kukuza uwakilishi wa vijana na jamii hizo.

6/ Kwa hivyo si kweli ati hawa watu "wanasubiri kubebwa". Wengine walifunga safari hadi Nairobi, wengine wakaenda kortini. Walijitokeza kabla hatujawaambia.

7/ Mdahalo ujao, mgombea akisema "vijana wajitokeze", muulize maswali mawili tu: Kijana asiye na kitambulisho aanzie wapi? Na yule ambaye jamii yake haiwezi kujaza hata wadi moja, sauti yake itafika Bungeni kwa njia gani?

Akikosa jibu, ujue bado hajaongea na vijana wote.