Dakta Lambo na Vijiji vya Aro

Utotoni mwangu palikuwa na mtu mmoja kijijini kwetu aliyefungwa kamba kwenye mti, nyuma ya nyumba ya ndugu zake. Ndugu hao hawakuwa wakatili. Walimpelekea chakula kila siku, na walipopita karibu naye walimwita kwa jina. Lakini walimwogopa, wala hawakujua pa kumpeleka ila hospitali kubwa ya mbali ambako, kwa walivyoamini, aingiaye hatoki. Habari za Dakta Thomas Adeoye Lambo nilizisoma miaka mingi baadaye, na nilipozisoma nilimkumbuka mtu yule.

Lambo alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Abeokuta, nchi ya Wayoruba huko Nijeria. Alisomea udaktari Birmingham, Uingereza, kisha akajifunza elimu ya maradhi ya akili mjini London. Mwaka 1954 alirejea kwao kuongoza hospitali mpya ya wagonjwa wa akili iliyokuwa ikijengwa Aro, karibu na mji aliozaliwa. Majengo yalikuwa bado hayajakamilika. Mwingine angalikaa akiwangoja mafundi, lakini Lambo aliwaendea wazee wa vijiji vya jirani, akawaomba wawapangishe wagonjwa wake vyumba.

Hebu fikiri, msomaji, jinsi ombi hilo lilivyokuwa zito. Nani apendaye kulala ukuta mmoja na mtu aliyerukwa na akili? Lambo alitoa sharti moja: kila mgonjwa afuatane na jamaa yake angaa mmoja, mama au ndugu, wa kumpikia, kumfulia nguo na kumwongoza hospitalini asubuhi. Huko alipewa dawa na matibabu mengineyo kama yalivyokuwa yakitolewa Ulaya, na baadaye alirudi kijijini, akawaona watu wakilima, wakicheza ngoma na kuzozana kama desturi. Wenyeji nao walifaidika. Walipata kodi ya vyumba, mikopo ya kutengeneza nyumba, na maji ya bomba. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na werevu wake mkubwa, kwani hakutegemea huruma peke yake. Tena aliwaajiri waganga wa jadi wafanye kazi pamoja na madaktari, maana wao walizijua hofu za wagonjwa kwa lugha yao wenyewe. Jambo hili liliwashangaza wengi.

Mpango huo haukuwa mwepesi kwa kila mtu. Jamaa aliyekuja na mgonjwa aliliacha shamba lake, na asiye na jamaa hakuwa na nafasi.

Kazi ya Lambo inatuhusu sisi wa Kenya kwa sababu nyingine pia. Hospitali yetu ya Mathari, Nairobi, iliongozwa tangu mwaka 1938 hadi 1950 na J. C. Carothers, daktari wa kawaida ambaye hakuwa amesomea maradhi ya akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake juu ya akili za Waafrika, naye alikuwa amekwisha kumfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilitoa taarifa yake juu ya Mau Mau, ambayo ilieleza vita ile kana kwamba ni ugonjwa wa nafsi, badala ya dai la ardhi. Lambo aliyapinga mafundisho ya namna hiyo waziwazi, akisema kwamba yamejengwa juu ya ubaguzi wala si juu ya uchunguzi.

Basi ni ajabu ya historia kwamba shirika lile lile lililokichapa kitabu cha Carothers lilimwita Lambo mwaka 1971, na tangu mwaka 1973 hadi 1988 alikuwa naibu wa mkurugenzi mkuu wake. Katika zama zake, mwaka 1975, wataalamu wa shirika hilo walizishauri nchi changa ziingize utunzaji wa akili katika huduma za afya za kawaida: muuguzi wa zahanati afundishwe kutambua kifafa na maradhi makubwa ya akili, awe na dawa chache kabatini, na mgonjwa atibiwe karibu na kwao.

Lambo alifariki mwaka 2004. Hospitali ya Aro ingali ikitibu wagonjwa.