Wanavyuoni wa Amu: Nani Huingia Kwenye Orodha?

Neno "mwanachuoni" limenisumbua mwaka huu wote. Ukilivunja vipande, ni mwana wa chuoni, yaani mtoto wa chuo. Lakini muulize mtu yeyote wa Lamu, au Amu kama wenyewe tunavyoiita, mwanachuoni ni nani. Hatakuonyesha mtoto mwenye juzuu mkononi. Atakutajia mzee, alimu mkubwa, mtu ambaye mji mzima humwendea kuuliza. Lugha yetu inamwita msomi aliyebobea kwa jina la mwanafunzi. Tena katika Kiswahili cha kale cha pwani ya kaskazini, chuo kilikuwa pia kitabu chenyewe. Basi mtu hakuwa "mwanafunzi wa zamani". Aliingia chuoni akabaki humo.

Nimelifikiria hili kwa sababu kikundi chetu cha WhatsApp, cha tuliosoma sekondari pamoja, kimeamua kuwatuza wenzetu waliofanikiwa. Kamati imeundwa na fomu imetumwa. Fomu ina safu tatu: kazi, michezo, huduma kwa jamii. Mimi, kwa kuwa najulikana kupenda mambo ya kale, nikaombwa ukurasa mmoja wa historia: Lamu imewahi kutoa wasomi gani? Mmoja wetu akaandika, "Huo si utakuwa mfupi!" Emoji za kucheka zikamiminika. Basi ukurasa wenyewe ni huu, na umerefuka kidogo.

Niliona nianze na orodha iliyotangulia yetu. Mwaka 1972 Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa kitabu kuhusu baadhi ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Ukikisoma leo, utakiona kama daftari la wanafunzi wa pwani nzima. Fulani alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, akamsomesha nani. Vyeo vimo, lakini mtu hajakamilika mpaka utajiwe walimu wake na wanafunzi wake. Ndivyo ijaza ilivyofanya kazi: ruhusa ya kusomesha ambayo mwalimu alimpa mwanafunzi, naye mwalimu alipewa na mwalimu wake, silsila ndefu ya kurudi nyuma. Cheti changu cha KCSE kina jina langu na jina la shule. Ijaza ina majina ya watu.

Sasa, tusiipambe hiyo zamani. Elimu hiyo ilikuwa na milango, na milango ya Lamu mnaijua, mizito, imechongwa, na ina komeo kwa ndani. Karne ya 19 mji wa mawe, upande wa Mkomani, ulikuwa wa koo kubwa, zenye nyumba za ghorofa na misikiti. Upande wa Langoni na mchangani nje ya mji waliishi wageni, maskini, watumwa na waliokuwa watumwa. Mtoto wa huko alifundishwa kiasi cha kuswalia. Elimu ya ndani, ya tafsiri na fiqhi, ilikuwa ya wenye nasaba.

Mlango huo ulisukumwa na kijana aliyetoka Ngazija. Jina lake Swaleh bin Alawi Jamalil-leil, ambaye Lamu nzima inamwita Habib Swaleh. Alikuwa sharifu, na kwa nasaba yake angekaa barazani na wakubwa mpaka kufa kwake mwaka 1935. Badala yake alikwenda kuwasomesha wale waliofungiwa. Mwishoni mwa karne ya 19 chuo chake, Riyadha, kikaanza kusimama kwenye mchanga huohuo wa nje ya mji. Kumbuka kwamba utumwa pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Kumkalisha mtoto wa mtumwa mbele ya kitabu kimoja na mtoto wa bwana halikuwa jambo dogo. Mwanaanthropolojia Abdul Hamid el-Zein, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu Lamu, ameeleza jinsi wakubwa walivyolichukia. Na matari nayo, kupigwa msikitini kwenye maulidi? Hilo nalo lilizua maneno.

Leo Riyadha ndiyo inayoujaza mji. Maulidi yakifika, majahazi na mabasi huleta watu kutoka pwani yote, na wengine kutoka ng'ambo, wengi wao wakiwa wamesoma pale au wamesomeshwa na waliosoma pale. Sijui mkutano mwingine wa wanafunzi wa zamani katika Kenya wenye umri na ukubwa kama huo, wala hauna fomu. Na kama mnatafuta safu ya michezo, siku hizo kuna mbio za punda ufukoni, mashindano ya mashua, kuogelea, bao, hata mashindano ya khati. Kijana anayeshinda mbio za punda hujulikana mtaa hadi mtaa. Nahodha anayeshinda kwa tanga hakujifunza upepo darasani. Alifunzwa na baba, mjomba au mvuvi fulani wa Shela au Matondoni, na mji unamjua huyo aliyemfunza.

Safu ya kazi nayo ina watu wake. Muhammad Kijumwa, aliyezaliwa takriban 1855 na kufariki 1945, angeijaza peke yake: mwandishi wa khati, mchongaji wa mbao, mshairi, mjuzi wa ngoma ya gungu. Wazungu waliotaka kuyajua mashairi ya Kiswahili, akina William Hichens na Ernst Dammann, walipata kwake nakala na maelezo. Kazi za mkono wake leo zimo katika maktaba za London na Ujerumani. Katika vitabu vyao wao ndio wataalamu na yeye ndiye "msaidizi". Kwa kipimo cha Farsy ingekuwa kinyume: yeye angekuwa mwalimu, nao wangeandikwa chini yake kama wanafunzi.

Lakini ukurasa wangu ulikwama mahali pengine. Hesabu majina niliyoyataja mpaka hapa. Wanaume watupu.

Si kwamba wanawake hawakusoma. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alimtungia binti yake utendi ambao watoto wa shule bado wanautahini. Mtu hatungi vile bila kusoma, na kusoma sana. Basi alisoma wapi? Nyumbani. Chuo cha wanawake wa Lamu na Pate kilikuwa ukumbini na ndani, kwa mama, nyanya na shangazi, na mashairi yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kunakiliwa kutoka mkono hadi mkono. Chuo hicho hakikutoa orodha, kwa hiyo hakina "wanafunzi mashuhuri".

Kilikuwa nao, hata hivyo, na mmoja tunamtumia kila siku bila kujua. Ahmed Sheikh Nabhany alizaliwa Lamu mwaka 1927. Aliyemlea katika ushairi ni nyanya yake, Amina Abubakar Sheikh, naye mwenyewe mshairi. Mwaka 1972 majina yao mawili, nyanya na mjukuu, yalitoka pamoja kwenye jalada la toleo la utendi wa Mwana Kupona. Yaani mwalimu na mwanafunzi juu ya kitabu kimoja, nacho kimetungwa na mama kumfunza mwanawe. Nabhany akaendelea. Mwaka 1979 utenzi wake *Sambo ya Kiwandeo* ulichapishwa Leiden, Uholanzi. Ndani yake amehifadhi maneno ya uundaji wa jahazi la Lamu, kutoka mti wa kwanza mpaka chombo kuelea, maneno ambayo mafundi wengi waliokufa wangekwenda nayo kaburini. Hakuwa na digrii, na maprofesa wa Ulaya na Afrika walimwendea Mombasa kukaa chini yake. Unapoita televisheni "runinga", unatumia neno ambalo yeye anatajwa kuwa ndiye aliyelibuni. Alifariki 2017.

Safu ya tatu, huduma kwa jamii, nilidhani ingekuwa rahisi. Umra Omar alisoma Marekani, akarudi Lamu, akaanzisha Safari Doctors, kundi linalopeleka matibabu kwa mashua hadi vijiji vya visiwani na karibu na mpaka wa Somalia. Mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa Mashujaa 10 wa CNN. Anastahili, na ningempigia makofi hata kama ningekuwa peke yangu ukumbini. Ila mashua ile ina nahodha anayejua mikondo, wauguzi wanaofahamu Kibajuni, na akina mama vijijini wanaojua nani ana mimba na nani ana homa. Hao pia walisomeshwa na mtu.

Nilipotuma rasimu, mwenzangu mmoja wa kamati alinipigia simu. "Ndugu yangu, hii ni historia nzuri, lakini mtoto wa Faza anataka kumwona daktari, rubani, injinia. Anataka kujua inawezekana. Ukimtajia nyanya wa mtu, utamsaidia nini?" Hoja yake nzito. Visiwani, sekondari zilikuwa chache kwa muda mrefu, na wengi wa wazee wetu ilibidi wahame wakasome Mombasa au waache. Mtoto anayekua huku akiambiwa kwamba kwao hakuna wasomi anahitaji kuona sura na majina.

Lakini tazameni orodha yetu ilivyo sasa. Ina meneja wa Nairobi, mhandisi wa Dubai, wakili, mchezaji mmoja. Haina mwenzetu hata mmoja aliyebaki visiwani kusomesha, wala maalimu wa madrasa, wala dada yetu aliyeachia kidato cha tatu na sasa anafundisha watoto wa mtaa mzima kusoma barazani kwake bila kulipwa. Mkomani walipima kwa nasaba, sisi tunapima kwa mshahara na cheo. Komeo ni lilelile.

Kwa hiyo nimependekeza safu ya nne, na bado tunabishana. Kila anayetuzwa aandike mambo mawili: ni nani aliyekusomesha, na wewe umemsomesha nani? Daktari abaki, rubani abaki, mtoto wa Faza awaone wote. Awaone pamoja na maalimu, nyanya na nahodha waliowashika mkono, ili ajue watu hao hawakudondoka kutoka mbinguni, na kwamba waliowafunza wako mtaani kwake sasa hivi.

Kamati inakaa tena Ijumaa baada ya swala. Mimi fomu yangu nimeshaijaza. Safu tatu za kwanza nimeziacha tupu, na ya nne nimeandika majina saba.