Umeme unavyosafisha majitaka ya migodi

Ardhi ya Vitengeni, Kaunti ya Kilifi, ina madini ya risasi. Nayo ya Kinangoni, pia Pwani, ina risasi pamoja na madini ya fedha. Miamba ya aina hiyo inapochimbuliwa hufikiwa na hewa na mvua, na maji yanayotiririka kutoka mgodini yaweza kubeba sumu hadi kwenye silanga na visima. Kuchemsha maji hakuondoi risasi, ambayo hata kwa kiwango kidogo hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa kila lita ya maji ya kunywa.

Mojawapo ya njia za kusafisha majitaka hayo ni kugandisha uchafu kwa umeme. Kazi yake hufanana na ya shabu, ambayo hutiwa katika maji yenye tope ili uchafu ushikane na kutuama. Tofauti ni kwamba hapa dawa hutengenezwa ndani ya maji yenyewe. Mabamba ya chuma au alumini hutumbukizwa katika tangi na kuunganishwa na umeme wa mkondo mmoja, kama ule wa betri. Bamba la upande chanya huyeyuka polepole: ampea moja kwa saa moja huyeyusha takriban gramu moja ya chuma. Kwenye bamba la upande hasi hutoka mapovu ya haidrojeni, na maji hupungua asidi. Chuma kilichoyeyuka hugeuka mabonge laini yanayonasa risasi na metali nyingine, kisha huzama au huelea na kuondolewa.

Njia hii si ngeni. Mwishoni mwa miaka ya 1880, William Webster aliitumia kusafisha majitaka ya jiji la London. Hata hivyo, mabamba huliwa na lazima yabadilishwe, umeme hugharimu fedha, na chumvi ya kawaida haiondoki.

Suala zito zaidi ni tope linalobaki. Risasi haiangamizwi, bali huhamishwa kutoka majini hadi kwenye tope hilo, ambalo lisipohifadhiwa mahali pasipovuja huirudisha sumu kwa wananchi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa mwaka wa 2014. Mahakama ya Juu iliwarejeshea fidia ya Sh1.3 bilioni mnamo Desemba 2024, miaka kumi baadaye.